UZI MAALUMU: Sheria za NCAA za idadi ya makocha zinavyoamua ajira ya kocha wa viungo vyuoni Marekani

FundiVyuma (#1)

Wakuu, habari za leo.

Swali linalojirudia humu kutoka kwa vijana wanaosoma sayansi ya michezo ni hili: "Nikipata cheti cha CSCS, nitapata kazi ya kocha wa viungo kwenye chuo cha Marekani?" Cheti hicho cha ukocha wa viungo, kinachotolewa na chama cha NSCA, kinakupa haki ya kuomba tu. Kinachoamua ni viti, na idadi ya viti kwa sehemu kubwa imeandikwa kwenye kitabu cha sheria za NCAA (chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), ambacho waombaji wengi hawajawahi kukifungua. Tukichambue hapa, kipengele kwa kipengele.

Tuanze na futiboli ya Kimarekani, kwa sababu ndiko kwenye pesa. Kwenye daraja la juu, yaani FBS, sheria iliwabana makocha kwa kuhesabu vichwa. Kocha mkuu mmoja, wasaidizi 9, na kuanzia Januari 2018 wasaidizi wakawa 10. Makocha wa viungo wakawekewa hesabu yao ya pembeni: watu 5 tu ndio walioruhusiwa kufanya kazi na kikosi cha futiboli. Sheria hiyo haikujali umeandikwa cheo gani kwenye beji. Ilihesabu kazi ya aina yoyote na kikosi, iwe mazoezi ya lazima, ya hiari, ya uwanjani au siku ya mechi. Kwa hiyo ukiitwa "mwanagenzi" lakini unasahihisha mgongo wa mchezaji anayechuchumaa na chuma, umeshakalia kiti kimoja kati ya vitano.

Matokeo yake kwenye ajira ni makubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza, ngazi ya kupandia ni fupi mno. Viti 5 vikigawanywa huwa hivi: mkuu wa kitengo, msaidizi wake wa karibu, wasaidizi wawili wa kati, na cha mwisho cha kijana. Huyo kijana anasubiri mmoja wa wanne wa juu aondoke. Kwenye kikosi kilichotulia anaweza kusubiri miaka.

Pili, vyuo tajiri vilipoona haviwezi kuongeza kocha wa sita, viliongeza watu wenye majina mengine: wa lishe, wa takwimu za GPS, wa sayansi ya michezo, wa kurejesha wachezaji waliotoka kwenye majeraha. Hawa hawaruhusiwi kuendesha mazoezi. Kijana mwenye moyo wa kufundisha anaingia kwa mlango huo, anakaa miaka miwili akichaji vifaa vya GPS na kuandaa majedwali, halafu akiomba kazi ya ukocha anaulizwa: umeongoza kundi gani, la watu wangapi, kwa muda gani? Hana jibu. Ukipewa nafasi ya namna hiyo, uliza kabla ya kusaini kama utahesabiwa kwenye wale watano au la.

Tatu, na hili nitalirudia, viti vya futiboli vimefungwa kwenye shingo ya kocha mkuu. Akifukuzwa mwishoni mwa Novemba, kocha mpya anakuja na mtu wake wa viungo, na huyo anakuja na wake wanne. Hamna wa kuwahifadhi ninyi kama namba 6 na 7, kwa kuwa namba 6 haipo.

---

DadaUtimamu (#2)

Ahsante kwa kuanzisha, mkuu. Naongezea upande ambao hausemwi sana: michezo mingine isiyo futiboli, ile inayoitwa michezo ya Olimpiki kwenye lugha ya vyuo vyao. Huko kocha wa viungo hahesabiwi kwa mtindo wa viti vitano. Wengi wameajiriwa na idara nzima ya michezo, na sheria inawatambua kwa maneno hayohayo, kwamba wanahudumia idara nzima. Hilo linawapa ruhusa ya kusimamia mazoezi ya hiari ya wachezaji nje ya msimu, jambo ambalo kocha wa mchezo wenyewe hawezi kulifanya bila saa hizo kuhesabiwa.

Ubaya wake ni mzigo. Chukueni mfano wa kocha mmoja aliyepewa timu nne za wanawake, na tutumie ukomo wa vikosi ulioanza mwaka wa masomo 2025/26 kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House (iliyohusu malipo ya wanamichezo wa vyuo), yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025: voliboli 18, soka 28, softiboli 25, riadha 45. Jumla ni wanamichezo 116.

Sasa mwongozo wa NSCA kwa ngazi ya chuo ni kocha 1 kwa wanamichezo 20. Timu hazichanganywi, kila moja ina ratiba yake ya madarasa. Voliboli kundi 1, soka makundi 2, softiboli 2, riadha 3. Hayo ni makundi 8. Kila kundi mara tatu kwa wiki, saa moja moja: saa 24 za kusimama sakafuni, kabla hujaandika programu hata moja, hujakaa kikao na daktari, hujasafiri na timu, hujafagia.

Kinachotokea kwenye vyuo vyenye watumishi wachache ni kwamba riadha wote 45 wanaingizwa kwa mkupuo mmoja saa 12 asubuhi. Uwiano unakuwa 1 kwa 45. Mazoezi ya kiufundi kama kuvuta chuma kwa kasi hadi mabegani yanaondolewa, maana hakuna macho ya kutosha, na yanabaki yale ambayo mtu akikosea haumii sana. Kocha anageuka mtunza saa na filimbi. Akikaa hivyo miaka mitatu, mkono wake wa kufundisha unakufa ganzi, na hilo linaonekana siku anaposailiwa kwa vitendo kwenye chuo kingine.

---

MbioNdefu (#3)

Samahani wakuu, swali la mwanafunzi. Niliposoma habari za Juni 2024 niliona NCAA imeondoa ukomo wa watu wanaoruhusiwa kufundisha kwenye futiboli. Je, hiyo haijafuta hoja ya viti vitano?

---

SheriaMezani (#4)

Swali zuri, na ndipo wengi wanapojikwaa. Uamuzi wa Juni 2024 ulihusu ufundishaji wa ufundi na mbinu za mchezo. Kabla ya hapo mchambuzi wa video hakuruhusiwa kumwambia mlinzi asogeze mguu wa kushoto. Sasa mtumishi yeyote wa kikosi anaweza, mazoezini na kwenye mechi. Kilichobaki ni ukomo wa wanaotoka nje ya chuo kutafuta wachezaji: kocha mkuu na wasaidizi 10. Kipengele cha makocha wa viungo ni kipengele kingine, kina aya yake. Usikichukulie kuwa kimekufa kwa sababu jirani yake amekufa. Chukua kitabu cha mwaka husika kwenye mfumo wa NCAA wa LSDBi, sheria namba 11, shuka hadi 11.7, usome aya ya futiboli ya FBS yenyewe. Kisha muulize afisa wa uzingatiaji sheria wa chuo kinachokuhoji, kwa barua pepe, ili jibu liwe kwenye maandishi.

Kwa kocha wa viungo, mabadiliko yale yalikuwa na faida moja ya wazi. Zamani akishika ngao ya kuzuilia na kumwelekeza mchezaji wa safu ya mbele jinsi ya kusukuma, tayari ametoa mafunzo ya ufundi na anahesabiwa kuwa kocha wa mchezo. Chuo kilikuwa kinaandika ripoti ya ukiukaji mdogo wa ngazi ya tatu, na jina lake linaingia kwenye karatasi. Ukiukaji mdogo, ndiyo, lakini mwajiri anayefuata huuliza.

Kosa ambalo bado linawakamata makocha wa viungo wengi ni la orodha ya mahudhurio. Ili mazoezi yaitwe ya hiari, masharti ni manne: mchezaji asilazimike kutoa taarifa kwa kocha, ombi litoke kwake mwenyewe, mahudhurio yasiandikwe kwa ajili ya kupelekwa kwa makocha, na asiadhibiwe kwa kutokuja wala kuzawadiwa kwa kuja. Sasa kijana mgeni anapiga picha karatasi ya waliofika na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la makocha. Papo hapo mazoezi yale si ya hiari tena, saa zake zinaingia kwenye hesabu, na ikiwa wiki ile saa 8 zinazoruhusiwa kwa wiki nje ya msimu zilishajaa, chuo kimevunja sheria kwa picha moja. Karatasi ya usalama ya kujua nani yuko ndani ya jimu ni halali, ibaki jimu.

---

FundiVyuma (#5)

@SheriaMezani umenena. Na hizo saa ndizo zinazoeleza kwa nini kocha mkuu hawezi kumwachia mtu mwingine amchagulie kocha wa viungo. Msimu ukiwa wazi kikosi kina saa 20 kwa wiki, zisizozidi 4 kwa siku, na mechi inahesabiwa saa 3. Msimu ukifungwa, saa 8. Kiangazi, wachezaji wa futiboli wana wiki 8 za mazoezi ya lazima, saa 8 kwa wiki, na kati ya hizo zisizozidi 2 ni za kutazama video. Hesabu mwenyewe nani anakaa na wachezaji Januari na Februari, na tena Juni na Julai. Ni mtu wa viungo. Kocha mkuu anamwona huyu kama sauti yake wakati yeye haruhusiwi kuwepo.

Kwa hiyo mshahara wa juu umepaa sana. Chuo Kikuu cha Iowa walikuwa wakimlipa kocha wao wa viungo wa futiboli takribani dola 800,000 kwa mwaka hadi alipoondoka 2020. Kiti cha tano kwenye jimu hiyohiyo, kwenye vyuo vingi, hakina uhusiano wowote na fedha za namna hiyo.

---

MisuliNaMoyo (#6)

Nataka tukae hapa kwenye Januari, kwa sababu suala la viti linagusa uhai wa watu.

Januari 2011, Iowa, wachezaji 13 wa futiboli walilazwa hospitali kwa rabdomayolisisi: misuli inavunjika, uchafu wake unaingia kwenye damu, figo zinazidiwa, mkojo unatoka na rangi ya chai ya rangi. Walikuwa wametoka likizo ya wiki kama tatu, wakapewa kuchuchumaa mara 100 na chuma cha nusu ya uzito wao wa juu kabisa, kwa kushindana na saa. Januari 2017, Chuo Kikuu cha Oregon, wachezaji watatu walilazwa, wiki chache tu baada ya kocha mkuu mpya kuajiriwa na kuleta watu wake wa viungo.

Angalieni mnyororo. Ajira inatoka mkononi mwa kocha mkuu. Amekuja Desemba, anataka kuonyesha kwamba utamaduni umebadilika. Wachezaji wanarudi Januari wakiwa hawajafanya lolote la maana tangu likizo. Kocha wa viungo ana rekodi za nani? Za timu aliyotoka. Kikosi hiki hakijui. Na hana mkataba wa kumlinda akisema "tupunguze".

Mwaka 2019 vyama viwili, CSCCa (cha makocha wa viungo wa vyuo) na NSCA, vilitoa mwongozo wa pamoja kwa kipindi hicho cha kurudi. Kila mtu anayeomba kazi hii aujue kwa kichwa. Kwa mbio za utimamu: wiki ya 1 punguza angalau asilimia 50 ya kiwango kamili kilichoandikwa, wiki ya 2 asilimia 30, ya 3 asilimia 20, ya 4 asilimia 10. Mapumziko wiki ya kwanza yasipungue mara 4 ya muda wa kazi, wiki ya pili mara 3.

Kwa mfano, kiwango kamili cha kikosi ni mbio 16 za yadi 110. Wiki ya 1 wanakimbia 8, wiki ya 2 wanakimbia 11, ya 3 wanakimbia 12, ya 4 wanakimbia 14. Ukipata desimali, shusha. Mchezaji akitumia sekunde 16 kwa mbio moja, wiki ya kwanza anapumzika sekunde 64 kamili, ya pili 48. Weka saa kubwa ukutani, usihesabu kwa mdomo, kwa sababu mdomo huharakisha kocha mkuu akiwa anatazama.

Kwa vyuma kuna hesabu nyingine: seti mara marudio mara asilimia ya uzito wa juu kwa desimali. Kwa zoezi moja isizidi 30 wakati huo wa kurudi. Seti 4 za marudio 6 kwa asilimia 70 ni 4 × 6 × 0.70 = 16.8, salama. Ile ya Iowa ni 100 × 0.50 = 50. Hesabu ya mstari mmoja ingetosha kuizuia. Na siku za mazoezi zisizidi 3 wiki ya kwanza, 4 wiki ya pili.

Mwongozo huohuo unadai mkuu wa kitengo aweke programu kwenye maandishi kabla ya mazoezi, si baada. Kocha mpya aliyekuja peke yake Desemba bila wasaidizi wanaojua kikosi hapati muda huo. Ndiyo maana nasema: ukiitwa kwenye timu mpya, omba faili za mazoezi za kocha aliyeondoka, vipimo vya selimundu vya wachezaji wote (NCAA inavidai kwenye daraja la kwanza tangu 2010), na majina ya waliowahi kuzidiwa na joto. Ombi liende kwa maandishi siku ya kwanza. Joto siyo suala la Januari, lakini itakapofika Julai utakuwa umeshasahau kuuliza.

---

DadaUtimamu (#7)

@MisuliNaMoyo nakuunga mkono, na hapa ndipo swali la "unaripoti kwa nani" linapokuwa la ajira kweli. Baada ya 2017 Oregon walibadilisha: kocha wa viungo wa futiboli hakuripoti tena kwa kocha mkuu bali kwa mkurugenzi wa utendaji na sayansi ya michezo. Chuo Kikuu cha Maryland nao walimpoteza mchezaji wao wa futiboli, Jordan McNair, Juni 2018 baada ya mazoezi ya mbio ya mwisho wa Mei. Alizidiwa na joto, na hakuingizwa kwenye maji ya barafu kwa wakati. Kanuni ya kidaktari pale ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Mwaka 2019 ukatoka mwongozo wa vyama mbalimbali unaoshauri mazoezi yasitumike kama adhabu, na kocha wa viungo awe na mstari wa kuripoti nje ya kocha wa mchezo.

Kwenye tangazo la kazi tafuta sentensi inayoanza na "ataripoti kwa". Ukiona kocha mkuu peke yake, jua kiti chako kina umri sawa na wake. Ukiona mkurugenzi wa michezo au mkurugenzi wa utendaji, uwezekano wa kubaki baada ya kocha kufukuzwa ni mkubwa zaidi, na uwezo wako wa kukataa zoezi la hatari pia.

---

KibaraSita (#8)

Mimi natofautiana kidogo na dada. Mstari kwenye karatasi haumlindi mtu ikiwa fedha ya mshahara inatoka kwenye bajeti ya futiboli. Kuna vyuo ambako mchoro wa utawala unasema mkurugenzi wa utendaji, lakini kocha mkuu ndiye anayejaza fomu ya nyongeza ya mwisho wa mwaka. Kwenye usaili uliza mawili: nani anasaini tathmini yangu ya mwaka, na mshahara wangu uko kwenye akaunti ya nani. Mwenye majibu hayo mawili ndiye mwajiri wako.

---

DadaUtimamu (#9)

Naikubali hiyo, kaka. Na ni kweli zaidi sasa, kwa sababu vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya House vinaweza kuwalipa wachezaji hadi dola milioni 20.5 mwaka wa kwanza. Fedha hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Inakatwa mahali.

---

MbioNdefu (#10)

Nimeelewa. Kuhusu vyeti je? Kuna anayesema CSCS inatosha, mwingine SCCC. Na mimi kama Mtanzania mwenye F-1 (viza ya mwanafunzi), viza inaingiaje humu?

---

SheriaMezani (#11)

Vyeti kwanza. Tangu 1 Agosti 2015, daraja la kwanza la NCAA linamtaka kila kocha wa viungo awe na cheti kutoka programu yenye ithibati ya kitaifa. CSCS ya NSCA na SCCC ya CSCCa zote zinapita. Zinatofautiana njia.

CSCS ni mtihani wa kompyuta wa sehemu mbili. Sehemu ya sayansi ina maswali 95 kwa saa 1 na nusu, sehemu ya vitendo ina 125 kwa saa 2 na nusu. Kwenye kila sehemu 15 ni ya majaribio na hayahesabiwi. Unahitaji alama 70 kwa kila sehemu, na ukifeli moja unarudia hiyo tu. Inataka shahada ya kwanza na cheti hai cha huduma ya kwanza ya moyo. Aliyesoma UDSM au Kenyatta apeleke matokeo yake yafanyiwe ulinganisho wa shahada za nje mapema, maana karatasi hizo huchelewa kuliko mtihani wenyewe. Zingatieni pia kwamba NSCA ilitangaza kuwa kuanzia 2030 shahada italazimika kutoka programu iliyopewa ithibati ya fani hii. Mtu anayeanza mwaka wa kwanza sasa aangalie hilo kabla ya kuchagua chuo.

SCCC inadai saa 640 za vitendo chini ya kocha mlezi mwenye cheti hichohicho, halafu mtihani wa kuandika na wa vitendo. Saa 640 ni wiki 16 za saa 40. Hapa sheria ya viti inauma: mlezi akiondoka na kocha mkuu wiki ya 10, saini yake imeondoka naye. Jaza daftari la saa kila Ijumaa, lisainiwe siku hiyohiyo, piga nakala. Usisubiri mwisho wa muhula.

Kosa dogo linalowatoa watu sakafuni: kadi ya huduma ya kwanza huisha baada ya miaka 2. Bila kadi hai huruhusiwi kuendesha mazoezi, hata kama CSCS yako ni mpya. Weka ukumbusho miezi 3 kabla.

Kuhusu malipo. Waganda, Wakenya, Watanzania wengi wanakubali kufanya bure wakidhani ndiyo desturi. Idara ya Kazi ya Marekani tangu Januari 2018 inatumia kipimo cha mambo saba kujua nani ananufaika zaidi, chuo au mwanagenzi. Ikiwa wewe ndiye unayefungua jimu saa 11 alfajiri na kuongoza makundi ambayo yangehitaji mwajiriwa, unafanya kazi ya mwajiriwa. Kima cha chini cha mshahara unaomwondolea mwajiri wajibu wa kulipa saa za ziada kilipandishwa Julai 2024 hadi dola 844 kwa wiki, lakini mahakama ya Texas iliufuta uamuzi huo Novemba 2024 na kima kikarudi dola 684 kwa wiki. Makocha wanaweza kuingizwa kwenye kundi la walimu, ambao kima hicho hakiwahusu, kwa hiyo usikae ukidhani kinakulinda moja kwa moja.

---

PasiMezani (#12)

Niongezee ya viza, kwa kuwa hapa tarehe ndizo zinazoua ndoto za watu.

Ukimaliza shahada kwa F-1 una OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako baada ya masomo) ya miezi 12. Ndani yake huruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Kazi iwe angalau saa 20 kwa wiki na ihusiane na ulichosoma; ya kujitolea inakubalika kwenye OPT ya kawaida mradi haivunji sheria za kazi. Sasa weka kalenda ya OPT juu ya kalenda ya futiboli. Nafasi za futiboli zinafunguka Desemba hadi Februari, makocha wakuu wanapobadilishwa. Aliyehitimu Mei na OPT yake ikaanza Julai, akisubiri futiboli tu, siku 90 zinaisha Oktoba. Hajafika hata kwenye msimu wa kuajiri. Aombe nafasi za michezo ya Olimpiki, ambazo nyingi hutangazwa Mei hadi Agosti kabla muhula haujaanza, au apange kuhitimu Desemba.

Jambo la pili ni namba ya fani kwenye fomu ya I-20, ile ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza. Kuna namba mbili zinazofanana kwa jina: 31.0505, sayansi ya mazoezi na kinesiolojia, na 26.0908, fiziolojia ya mazoezi na kinesiolojia. Fani za 26 zipo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), kwa hiyo zinaongeza miezi 24 ya OPT. Ile ya 31.0505 haimo. Watu wawili wanaweza kukaa darasa moja, vyuo viwili tofauti, mmoja ana miezi 12 na mwenzake 36. Muulize mshauri wa wanafunzi wa kigeni kabla hujajiunga, siyo muhula wa mwisho. Na ile miezi 24 haipokei kujitolea: inataka mshahara, mwajiri aliyeandikishwa E-Verify (mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi), na mpango wa mafunzo kwenye fomu I-983 wenye saini ya msimamizi wako. Msimamizi akibadilika kwa sababu kocha mkuu kafukuzwa, fomu inasahihishwa.

Ukitumia CPT (ruhusa ya kazi ya mafunzo kabla ya kuhitimu) ya muda wote miezi 12 au zaidi ukiwa unasoma, OPT ya ngazi hiyo imekwenda. Zile saa 640 za SCCC zisikupeleke huko. Zinaingia kwenye miezi minne.

Kisha H-1B, viza ya mwajiriwa mwenye taaluma. Vyuo vikuu haviingii kwenye bahati nasibu ya kila mwaka, vinaweza kuomba wakati wowote. Hiyo ni faida ambayo jimu binafsi haina. Lakini idara ya michezo lazima ikubali kulipia wakili kwa ajili ya kiti kinachoweza kuondoka na kocha mkuu. Kwa kiti cha idara nzima wanakubali kwa urahisi zaidi.

---

MbioNdefu (#13)

Shukrani sana wakuu. Nikitembelea chuo kwa usaili, nikiingia jimu naangalia nini ili nijue hali halisi ya watumishi?

---

FundiVyuma (#14)

Omba kutazama kundi la asubuhi, la kwanza kabisa. Hesabu fremu za kuchuchumalia, hesabu wachezaji, hesabu makocha wanaotembea. Tuseme fremu 12, wachezaji 36, watatu kwa fremu: mmoja ananyanyua, mmoja anamlinda, mmoja anapumzika. Makocha 5: mmoja anashika saa na kuita seti, wanne wamegawana fremu tatu tatu, kila mmoja na watu 9. Hapo kazi inafanyika.

Sasa tazama mmoja akiitwa kushughulikia waliotoka kwenye majeraha. Wanabaki watatu, fremu nne nne, watu 12 kila mmoja. Bado sawa. Ukiona makocha wawili kwa fremu 12, angalia nani anawalinda wanaonyanyua vizito. Ikiwa wachezaji wanalindana wenyewe na hakuna vizuizi vya pembeni vilivyowekwa kwenye fremu, chini tu ya kina cha mwisho cha kuchuchumaa, hiyo jimu imezoea upungufu.

Angalia na kuta. Namba ya simu ya dharura, mashine ya kushtua moyo na tarehe ya betri yake, beseni la maji ya barafu liko wapi na nani ana ufunguo. Uliza mtumishi wa afya yupo saa ile, na kama aliwahi kusimamisha zoezi mwaka huu. Sheria inampa mamlaka ya kulisimamisha au kulibadilisha bila kupingwa. Usikilize jibu, kisha umtazame kocha wa viungo wakati linatolewa.

Mwisho nenda kwa yule wa kiti cha tano, kijana anayerudisha vyuma kwenye raki watu wakiondoka. Muulize yuko hapo tangu lini, na aliyekuwa kabla yake alikwenda wapi.